Makopo Matatu ya Kusaka Nyufa: Seti ya Rangi Nyekundu Inaona Nini, Inakosa Nini

Seti yenyewe ni makopo ya kupuliza ya aina tatu: kisafishio, rangi nyekundu ambayo kwenye lebo huandikwa penetranti, na poda nyeupe iliyochanganywa na kiyeyushi kinachokauka upesi, ambayo mafundi huiita developa. Haihitaji umeme, tangi wala maji ya bomba. Kwa karakana inayochunguza vipuri vilivyovunjika, au inayoendesha majaribio ya uimara wa shafti, gia, springi na bolti, ni vigumu kupata kifaa kingine cha gharama ndogo namna hii kinachoonyesha ufa ambao jicho tupu haliuoni. Kwa hiyo hukumu ya jumla ni njema. Tatizo lake ni kwamba jibu la "hakuna ufa" halina uzito sawa na jibu la "ufa upo". Mstari mwekundu ukionekana, kuna kitu cha kufuatilia. Usipoonekana, ama hakuna ufa, ama rangi haikuingia, na poda nyeupe haisemi ni lipi kati ya hayo mawili.

Mapitio haya yanahusu aina ya bidhaa, si chapa moja. Seti zinazotengenezwa kwa kufuata ISO 3452, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa aina hii, hufanana kiutendaji zaidi ya matangazo yanavyodai. Mahali zinapotofautiana kweli ni kichwa cha kupulizia cha kopo la poda, na tutalifikia.

Kanuni ni rahisi. Ufa uliofika kwenye uso wa metali ni mfereji mwembamba, na kimiminika chenye mvutano mdogo wa uso huvutwa humo na nguvu ya kapilari, hata kama kipuri kimegeuzwa juu chini. Ukifuta rangi ya juu, ile iliyo ndani hubaki. Poda nyeupe inapokaa juu huinyonya na kuitandaza, na ufa wenye upana wa mikromita chache huonekana kama mstari wa milimita nzima kwenye mandhari meupe. Ili hayo yatokee, ufa lazima uwe wazi usoni na uwe mtupu ndani. Karibu kila kasoro ya njia hii inatokana na moja kati ya masharti hayo mawili kuvunjwa kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Usafishaji wa kwanza

Kosa linaloonekana karakana nyingi ni kuosha kipuri kwa dizeli au mafuta ya taa, kukipangusa, kisha kukipulizia rangi. Uso unaonekana safi, lakini ufa umejaa dizeli. Rangi haina nafasi ya kuingia, au inaingia kidogo na kuchanganyika na mafuta hadi wekundu wake unafifia. Kopo la kisafishio lililo kwenye seti linatosha kuondoa filamu nyembamba ya grisi kwenye kipuri kipya au kwenye weldi iliyopoa. Halitoshi kwa konektingrodi iliyofanya kazi miaka ndani ya mafuta ya moto, wala kwa jino la gia lenye masizi ya mafuta yaliyoungua. Kwa vipuri vya namna hiyo unahitaji kuondoa grisi kwa mvuke wa kiyeyushi, au kuzamisha kipuri kwenye asetoni ndani ya beseni la mawimbi ya sauti kwa dakika 10 hadi 15 na kubadilisha asetoni ikichafuka. Baada ya hapo kipuri kikaushwe kwa joto la wastani, kiachwe kipoe hadi chini ya 50°C, ndipo kipakwe rangi. Maji yaliyonaswa ndani ya ufa huzuia rangi vilevile kama mafuta, kwa hiyo kipuri kilichooshwa kwa sabuni na maji kinahitaji kukaushwa kwa makini zaidi, si kufutwa kwa kitambaa.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linafanywa kwa nia njema: kusugua kwa brashi ya waya, karatasi ya msasa, grainda au kupuliza mchanga ili "metali ionekane". Metali laini, hasa alumini, hutandazwa juu ya mdomo wa ufa na kuufunga. Baada ya hapo unaweza kupuliza kopo zima na usione kitu. Hali ni hiyohiyo kwa kipuri kilichopigwa risasi ndogo za chuma ili kuongeza uimara wake dhidi ya uchovu, yaani kupasuka polepole kwa mzigo unaorudiwa-rudiwa: mkandamizo unaobaki usoni hubana ufa. Ndiyo maana ukaguzi hufanywa kabla ya hatua hiyo. Ikiwa kipuri kimekwisha kukerezwa au kusuguliwa, dawa ya kweli ni kukiosha kwa asidi au alkali inayofaa metali hiyo ili iondoe mikromita chache za juu, kisha kukisuuza, kukipunguzia makali ya kemikali hiyo na kukikausha. Kazi hiyo haimo kwenye makopo matatu, na seti haipaswi kulaumiwa kwa kutoifanya. Lakini maelezo ya lebo nyingi hayaitaji kabisa, na hilo ni pungufu.

Rangi ya mapambo au ya kuzuia kutu iondolewe kwa dawa ya kuondolea rangi, si kwa kukwangua. Kutu nene nayo huziba ufa na hudai dawa yake.

Rangi na muda wake

Kopo la rangi ndilo lenye malalamiko machache. Hupuliza vizuri, hushika kwenye uso ulio wima, na kidogo tu hutosha: filamu nyembamba iliyolowa inafanya kazi sawa na dimbwi. Kwenye kona na ndani ya matundu ni bora kupulizia rangi kwenye kikombe kidogo na kuipaka kwa brashi, maana kopo hutapanya rangi kwenye sehemu usizokagua na kukuongezea kazi ya kufuta.

Muda wa kuiacha ni dakika 5 hadi 60, halijoto ya kipuri ikiwa kati ya 10 na 50°C. Hiyo ndiyo mipaka ya kiwango, na lebo nyingi hupendekeza dakika 10. Kwa vishimo vya gesi kwenye alumini ya kusubu, dakika 10 zinatosha. Kwa ufa wa uchovu, ambao kuta zake hugusana, dakika 10 ni haba. Zipe 20 hadi 30. Nyufa za kutu ya mkazo kwenye chuma cha pua (zinazotokea metali inapovutwa huku ikiliwa na kemikali), zenye matawi membamba, zinastahili saa nzima na wakati mwingine zaidi, huku rangi ikiongezwa kabla haijakauka. Rangi ikikauka juu ya kipuri, usiongeze juu yake tu. Safisha yote na uanze upya, maana iliyokauka mdomoni mwa ufa ni kizibo. Kwenye baridi, rangi huwa nzito na huingia polepole; kwenye joto, viyeyushi vyake huruka. Kipuri kilichotoka kuchomelewa kisubiri kipoe.

Kufuta

Hapa ndipo makopo hupoteza nyufa ambazo tayari yamezikamata. Mtu anashika kopo la kisafishio na kupulizia moja kwa moja kwenye uso wenye rangi. Ni haraka na uso unabaki unang'aa. Ila kiyeyushi hicho hakichagui kati ya rangi ya juu na rangi iliyo ndani, na ufa mpana wenye kina kifupi huoshwa mara moja. Utaratibu sahihi unachosha kidogo: futa kwanza kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, badilisha upande, futa tena hadi kitambaa kiache kutoka chekundu kizito. Kisha lowesha kitambaa kingine kwa kisafishio, kiwe na unyevu tu na si kudondosha, na ufute kwa mkono mmoja kuelekea upande mmoja. Acha kitambaa kikiwa na waridi hafifu. Kitambaa kikitoka cheupe kabisa, kipuri kimeoshwa kupita kiasi.

Chuma cha kusubu chenye uso wa mchanga huwa hakifutiki hivyo. Wekundu hubaki kwenye vinyweleo, na poda ikipulizwa sehemu nzima huwa waridi. Kwa uso wa aina hiyo seti hii si chaguo zuri. Tafuta rangi inayooshwa kwa maji, ukikubali kwamba itapoteza nyufa fupi zisizo na kina.

Watengenezaji wengi huuza kisafishio makopo mawili au zaidi kwa kila kopo moja la rangi, na wako sawa. Anayenunua uwiano wa moja kwa moja ataishiwa kisafishio huku kopo la rangi bado likiwa zito mkononi.

Poda nyeupe, na lile tatizo la kichwa cha kopo

Poda iliyomo kwenye kiyeyushi hutua chini ya kopo. Tikisa mpaka gololi ya ndani isikike ikigonga huru, kisha endelea kutikisa dakika nzima. Puliza kwanza pembeni, juu ya karatasi, uone kinachotoka: kopo lisilotikiswa hutoa kiyeyushi kitupu, na kiyeyushi kitupu huosha ufa. Umbali wa sentimita 20 hadi 30 ndio unaofaa. Unapuliza ukipita, usisimame mahali pamoja. Tabaka linalotakiwa ni jembamba kiasi kwamba metali bado inaonekana kwa mbali chini yake. Tabaka nene linameza mstari mwembamba na halirudishi.

Vichwa vya kupulizia ndivyo hutenganisha seti nzuri na mbovu. Kichwa kibaya hutema matone mazito, na kila tone huacha doa linaloonekana kama dalili ya kishimo. Kinachosaidia ni kugeuza kopo juu chini kila umalizapo na kupuliza hadi itoke gesi tupu, ili mrija usikaukie poda. Kopo likianza kutema matone, litumie kwenye kazi isiyo na uzito au liache. Kwa kipuri kinachoamua usalama, kopo la poda linalotema ni kopo lililokufa.

Kusoma kilichoonekana

Anza kutazama sekunde ileile poda inapokauka, usiende kunywa chai. Mstari unaotokea papo hapo na kuendelea kutanuka una hifadhi kubwa ya rangi nyuma yake, yaani ufa mpana au wenye kina. Unaotambaa taratibu baada ya dakika 5 ni ufa uliobana. Usomaji wa mwisho hufanywa kati ya dakika 10 na 30. Ukichelewa zaidi ya hapo, mistari iliyokaribiana huungana na madoa hupoteza umbo. Mwanga juu ya kipuri usipungue luksi 500, na kazi nyingi za viwandani hudai 1000.

Dalili yenye urefu unaozidi mara 3 ya upana wake huhesabiwa kuwa ya mstari. Chini ya hapo ni ya duara. Hiyo ni hesabu ya kukubali au kukataa kipuri. Mchunguzi wa sababu za kuvunjika anahitaji zaidi. Mstari mmoja mkali kwenye kona ambapo kipenyo cha shafti kinabadilika, au unaoanzia mwisho wa mfereji wa ufunguo (kipande kinachofunga gia kwenye shafti), ni mshukiwa mkuu wa uchovu. Kwenye bolti, tazama uzi wa kwanza ulioshikwa na nati, kisha kona ya chini ya kichwa. Mtandao wa mistari mifupi iliyokingama na mwelekeo wa jiwe la kusagia ni nyufa za joto la kusaga: jiwe lilikuwa butu, au lilisukumwa sana, au kipoozeo hakikufika. Umbo la nyota mwishoni mwa weldi ni ufa wa shimo la kumalizia. Mstari wa nukta nukta usiukatae haraka: mara nyingi ni ufa mmoja uliofungwa hapa na pale na msasa au kugongwa. Mstari laini uliopinda kwenye kipande cha kusubu huweza kuwa mahali mikondo miwili ya metali ilikutana ikiwa imeanza kupoa, bila kushikana.

Kuna pia uongo wa kawaida. Kingo za beringi iliyobanwa kwenye shafti, mizizi ya nyuzi za bolti, mistari ya spline (meno yaliyochongwa kwenye shafti) na alama za vidole huonyesha wekundu bila kuwa na ufa. Beringi ina ubaya wa ziada: ukingo wake ndipo msuguano mdogo wa kusogea hula shafti na kuanzisha uchovu, na hapo ndipo rangi ya uongo hujaa. Ondoa beringi. Bila kuiondoa umekagua shafti yote isipokuwa mahali inapovunjikia.

Ukitilia shaka dalili, ifute kwa brashi laini iliyoloweshwa kisafishio kidogo, puliza poda tena tabaka jembamba, usubiri. Ikirudi mahali palepale ina chanzo ndani ya metali. Isiporudi, ilikuwa uchafu, au ilikuwa ufa usio na kina ambao sasa umekauka. Basi rudia kazi yote toka mwanzo.

Urefu wa mstari mwekundu haupaswi kuandikwa kwenye ripoti kama urefu wa ufa. Rangi hutanuka kila upande. Pima mapema, dalili ikiwa bado nyembamba, au safisha na upime ufa wenyewe kwa kioo cha kukuza mara 10 sasa kwa kuwa unajua ulipo. Kina chake seti haikijui. Ipo mitindo ya kukisia kina kwa wingi wa rangi iliyotoka, lakini kisio hilo halifai kwenye hesabu yoyote ya maisha yaliyobaki ya kipuri.

Kwenye kipuri kilichokwisha kuvunjika

Ushauri mkali kuliko yote katika mapitio haya: usipulizie uso wa mvunjiko. Uso huo una alama za ufuo zinazoonyesha ufa ulikoanzia na ulivyosonga, una kutu na chumvi zinazoeleza mazingira, na una mikwaruzo midogo inayosomwa kwa hadubini ya elektroni. Rangi, kiyeyushi na poda vinaingia humo humo, na maabara ikija kutafuta klorini au salfa itapata sehemu ya kile kilichotoka kwenye kopo. Utaratibu ni kupiga picha kwanza, kuukausha uso, kuufunika bila kuukwaruza, na kutovijaribu vipande viwili kama vinaingiliana. Kule kugusanisha nyuso mbili "kuona kama zinafaa" huharibu alama zaidi ya siku nyingi za kutu.

Mahali makopo yanapong'aa ni kwenye vipuri ndugu. Bolti moja kati ya nane ikivunjika kwenye flanji, zile saba zilizobaki zilibeba mzigo uleule. Zikague zote. Zikiwa na nyufa kwenye uzi uleule, sababu iko kwenye usanifu au ukazaji, si kwenye bolti moja mbovu. Kipuri chenyewe kilichovunjika huwa nacho na nyufa za pili mbali na mvunjiko mkuu. Hizo zinaweza kutafutwa kwa rangi baada ya uso mkuu kurekodiwa na kufunikwa vizuri. Ufa wa pili ni zawadi, kwa sababu ukifunguliwa maabara uso wake haujagongwa wala kukwaruzwa. Ukikusudia kuufungua kwa ajili ya uchambuzi wa kemia, basi nao usiutie rangi.

Wengine hutumia rangi kwa makusudi kuweka alama ya mahali ufa ulipofikia, kisha huvunja kipande kilichobaki na kusoma mpaka kati ya eneo jekundu na eneo safi. Inafanya kazi, lakini rangi hutambaa wakati wa kuvunja na kutia chumvi kipimo. Kwa chuma cha kawaida, kukiweka kwenye tanuri karibu 300°C hadi kuta za ufa ziwe za buluu huacha mpaka mkali zaidi. Angalia tu joto hilo lisipite lile ambalo chuma kilitibiwa nalo.

Kwenye jaribio la uimara

Hapa seti ni msaidizi, na ina masharti. Ufa wa uchovu hufunga kuta zake mzigo ukiondolewa. Sampuli iliyotolewa kwenye mashine na kuwekwa mezani huweza kuonekana nzima, ilhali ikiwa bado imebanwa na kuvutwa ingeonyesha mstari wa milimita kadhaa. Kwa hiyo simamisha mashine, weka mzigo tulivu wa upande unaofungua ufa, na fanya kazi yote ya rangi na poda mzigo ukiwa hapo. Usizidishe mzigo wa juu kabisa wa jaribio lenyewe. Mzigo mmoja mkubwa kupita kiasi huacha, mbele ya ncha ya ufa, eneo la metali lililovutika kiasi cha kutorudi umbo lake, na ukuaji hupungua kasi kwa mizunguko mingi baada yake. Utakuwa umeongeza maisha ya sampuli kwa kuikagua.

Vimiminika vinavyobaki ndani ya ufa navyo vinaweza kubadili mwendo wake. Safisha sampuli kwa kiyeyushi na uikaushe kabla ya kuwasha mashine tena, na siku zote acha sampuli kadhaa ambazo hazikaguliwi kabisa hadi zivunjike. Zilizokaguliwa zikiishi tofauti na zile, tofauti hiyo inaweza kuwa imetoka kwenye makopo.

Vipindi vya ukaguzi visiwe sawa. Sehemu kubwa ya maisha ya kipuri kilichosanifiwa vizuri hupita kabla ufa haujaonekana, na ukishaonekana huongeza kasi. Kagua kwa nafasi mwanzoni, kisha fupisha vipindi mara dalili ya kwanza itokeapo. Kila mara andika idadi ya mizunguko, mzigo uliokuwepo wakati wa kukagua, muda wa rangi na urefu uliopimwa. Namba ya urefu isiyo na mzigo kando yake haina faida.

Washindani wake

Rangi ya mng'ao, inayotazamwa gizani chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365, huona nyufa ndogo kuliko nyekundu. Inadai chumba ambacho mwanga wa kawaida hauzidi luksi 20, taa inayotoa angalau mikrowati 1000 kwa sentimita ya mraba juu ya kipuri, na macho yaliyopewa muda kuzoea giza. Kipuri kilichowahi kupakwa rangi nyekundu kisipelekwe huko bila usafishaji wa kina, kwa sababu mabaki ya nyekundu huua mng'ao. Kwenye vipuri vya injini za ndege, rangi nyekundu haina nafasi.

Lakini hata njia hiyo bora hushindwa palepale yanaposhindwa makopo. Tarehe 19 Julai 1989, diski ya feni ya titani kwenye injini ya mkia ya DC-10, safari namba 232 ya United Airlines, ilipasuka angani, na ndege ikaanguka Sioux City huko Iowa. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ufa wa uchovu ulianzia kwenye kasoro ya metali toka kiwandani, na bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilihitimisha kuwa ulikuwa umefikia urefu wa kuonekana wakati diski ilipokaguliwa mara ya mwisho kwa rangi ya mng'ao. Miaka saba baadaye, tarehe 6 Julai 1996, kitovu cha feni cha injini ya MD-88 ya Delta, safari namba 1288, kilipasuka wakati ndege ikianza kuruka Pensacola. Abiria wawili walikufa. Ufa ulitoka kwenye tundu lililotobolewa vibaya kiwandani, na ukaguzi wa rangi haukuuona. Uchunguzi ulitazama usafishaji, ukaushaji na namna poda ilivyofikishwa ndani ya matundu. Mambo hayo matatu ndiyo yaleyale ambayo mtu mwenye makopo huyafanyia haraka.

Kwa chuma kinachoshikwa na sumaku, nira ya sumaku (sumaku ya umeme ya mkononi yenye miguu miwili) pamoja na unga wa chuma ni bora kwa kazi nyingi. Ni ya haraka, haiogopi sana ufa uliojaa uchafu, hupenya filamu nyembamba ya rangi ya kuzuia kutu, na huona hata kasoro iliyo chini kidogo ya uso. Nira ya mkondo geu (AC) ipimwe kwa kuinua uzito wa kilo 4.5, ikishindwa, ipelekwe kutengenezwa. Ukikagua weldi za chuma na gia tu, nunua nira. Makopo yanabaki na alumini, shaba, titani, chuma cha pua kisichoshikwa na sumaku, na mahali ambapo waya wa umeme haufiki.

Kabla ya kulipa

Soma lebo ya kemia. Kwa titani, aloi za nikeli na chuma cha pua, rangi, kisafishio na poda vyote viwe na kiwango kidogo kilichothibitishwa cha klorini, florini na salfa, pamoja na cheti cha namba ya toleo. Masalia ya klorini kwenye chuma cha pua kinachofanya kazi kwenye joto yanaweza kuanzisha ufa uliokuwa haupo. Namba ya toleo na tarehe ya mwisho ziwe zimepigwa chini ya kopo lenyewe, si kwenye sanduku linalotupwa. Usichanganye rangi ya mtengenezaji mmoja na poda ya mwingine kwenye kazi yenye ripoti: huthibitishwa zikiwa familia moja.

Jaribu kila toleo jipya kwenye kipande chenye nyufa zinazojulikana. Njia ya kawaida ni kipande cha aloi ya alumini ya 2024 kilichopashwa joto karibu 510 hadi 525°C na kuzamishwa kwenye maji baridi, kikapasuka kwa mtandao wa nyufa, kisha kikagawanywa kwa mfereji katikati. Upande mmoja unapata toleo la zamani, upande wa pili jipya, kwa muda uleule. Kipande hicho kioshwe kwa asetoni kila kinapotumika, la sivyo baada ya kazi chache kitaanza kulaumu rangi nzuri. Paneli za nikeli na kromu zenye nyufa za kina cha mikromita 10, 20, 30 na 50 ni sahihi zaidi, lakini hutumika hasa kupima kiwango cha unyeti wa rangi na poda.

Makopo yahifadhiwe chini ya 50°C, mbali na jua na cheche. Gesi na viyeyushi vyake vinashika moto, kwa hiyo usipulize karibu na mtu anayechomelea wala ndani ya tangi lisilo na hewa inayopita. Vaa glavu za nitrili, maana rangi haitoki kucha kwa siku kadhaa. Baada ya ukaguzi, ondoa poda yote kabla kipuri hakijarudi kazini: hunyonya unyevu, na shafti iliyoachwa nyeupe itaota kutu pale pale ulipokuwa ukitafuta ufa.